Tiketi Haimfanyi Mtu Kuwa Mjumbe



Limeingia neno jipya katika masikio yetu, nalo limepokewa kwa haraka kama mgeni aliyevaa vizuri, bila mtu kumwuliza ametoka wapi wala amekuja kutafuta nini. Neno lenyewe ni «mwanaanga wa kiraia». Tunalisikia redioni, na vijana wetu wa Ngezi wanalisoma katika simu zao chini ya picha za watu wanaoelea wakicheka ndani ya chombo, na dunia ikionekana dirishani nyuma yao. Wengine husema «mwanaanga binafsi», kana kwamba majina hayo mawili ni kitu kimoja. Mimi nasema si kitu kimoja. Nasema pia kwamba kuyachanganya kunawafaa wachache na kunatupunja wengi, nasi watu wa Ituri tuna sababu ya pekee ya kukataa.

Sababu hiyo ni kwamba nusu ya jina hilo ni mali yetu. Raia! Katika miji yenye amani neno hili hupita kinywani bila uzito. Kwetu lina uzito wa damu. Raia ni yule asiye na silaha mkononi. Ni mama anayekwenda shambani bila kujua kama atarudi, ni mtoto aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi wa ndani pembeni mwa mji, ni mwalimu anayeandika ubaoni huku akisikiliza kama kuna mlio wa risasi. Tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi: maafisa wa jeshi na polisi wakashika viti vya viongozi wa kiraia, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Awe anaunga mkono hatua ile au anaipinga, kila mtu wa Bunia ameelewa vema tofauti iliyopo kati ya raia na askari. Hatuhitaji kamusi.

Basi tuanze hapo. Raia ni kinyume cha askari. Si kinyume cha serikali, wala si jina jingine la tajiri. Tukishika maana hiyo, tutaona kwamba wanaanga wa kiraia si wazo jipya la karne hii. Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu, Juni 1963, hakutoka katika kikosi cha marubani wa vita. Alitoka katika kiwanda cha nguo na katika chama cha kuruka kwa mwavuli. Neil Armstrong, aliyekanyaga mwezi Julai 1969, alikuwa ameacha jeshi la majini miaka mingi kabla. Wenzake wawili walikuwa maafisa wa jeshi la anga, yeye alikuwa raia. Christa McAuliffe alikuwa mwalimu wa shule huko New Hampshire, akachaguliwa miongoni mwa walimu zaidi ya 11,000 walioomba, ili afundishe wanafunzi wa nchi nzima akiwa angani. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Challenger kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Hao walikuwa raia kwa maana tuijuayo sisi. Hawakununua nafasi zao. Walitafutwa, wakapimwa, wakafunzwa, wakatumwa.

Mwanaanga binafsi ni habari nyingine. Hapo neno linaloamua si silaha, ni fedha: nani amelipa, na nani mwenye chombo. Mwezi Aprili 2001 Mmarekani Dennis Tito alipanda chombo cha Soyuz cha Warusi kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga, kwa malipo yanayotajwa kuwa yapata dola milioni 20. Shirika la anga la nchi yake mwenyewe, NASA, halikupenda aende. Mwaka uliofuata nchi washirika wa kituo hicho ziliafikiana juu ya kanuni za kuchagua watu wa kwenda huko, nazo zikatenganisha waziwazi makundi mawili: wanaanga wa taaluma, na washiriki wa safari. Wenye nyumba walijua kwamba si kila anayeingia mlangoni ni mwenyeji. Wazee wetu walilisema zamani kwa lugha iliyo wazi zaidi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Jembe ndilo kipimo changu katika makala haya. Sipimi kwa wingi wa fedha, napima kwa kazi. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alilipa kiasi kinachofanana na cha Tito, akaruka Aprili 2002, akawa mtu wa kwanza kutoka nchi huru ya Afrika kufika anga za juu. Lakini kabla ya kuruka alikaa miezi mingi katika mafunzo huko Urusi, akajifunza lugha ya wenyeji wake, na alipofika kituoni alifanya majaribio ya kisayansi yaliyoandaliwa na wataalamu wa nchi yake. Alilipa, kisha akashika jembe. Sitamnyima jina la mwanaanga.

Sasa tuangalie yaliyotokea miaka 20 baadaye. Tarehe 20 Julai 2021 Jeff Bezos, mwenye kampuni ya Blue Origin, alipanda chombo cha kampuni yake pamoja na wenzake watatu. Safari ilidumu kama dakika 10. Chombo hicho hakina rubani. Kinajiendesha chenyewe kutoka ardhini hadi ardhini. Waliomo hufunga mikanda, huelea dakika chache, hutazama dirishani, hurudi. Aliposhuka, Bezos aliwashukuru wafanyakazi na wateja wa Amazon, akisema kwamba wao ndio waliolipia yote yale. Alitaka kuonyesha adabu, lakini alisema kweli kubwa kuliko alivyokusudia: waliolipa ni wengi, aliyeruka ni mmoja, na hao wengi hawakuulizwa.

Siku hiyohiyo mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa agizo jipya kuhusu beji za mabawa ya wanaanga wa vyombo vya kibiashara. Kuvuka urefu wa maili 50, yaani kilomita 80 hivi, peke yake hakungetosha tena. Ilitakiwa mhusika awe mmoja wa wahudumu wa chombo, na awe ametenda jambo wakati wa safari lililo muhimu kwa usalama wa umma au lililochangia usalama wa safari za binadamu angani. Mwishoni mwa mwaka uleule utoaji wa beji hizo ulisitishwa kabisa, ikabaki orodha ya majina tu. Sheria ya Marekani yenyewe haimwiti abiria wa namna hii mwanaanga. Humwita mshiriki wa safari ya anga, na kumtaka atie sahihi kwamba ameelezwa hatari zote na amezikubali. Ikiwa waliotengeneza vyombo hivyo na sheria zake wanasita kutumia jina hilo, kwa nini sisi tulio mbali tuwe wa kwanza kulitoa bure?

Mtu ataniuliza: jina lina ubaya gani? Waache wajiite watakavyo. Najibu kwamba jina hili limebeba wajibu na heshima vilivyowekwa katika sheria ya mataifa. Mkataba wa anga za juu wa mwaka 1967 unasema kwamba uchunguzi na matumizi ya anga vifanyike kwa faida ya nchi zote, bila kujali kiwango cha maendeleo yao. Unawaita wanaanga wajumbe wa wanadamu wote. Unazitaka nchi ziwape kila msaada uwezekanao wakipata ajali au wakitua kwa dharura katika ardhi yao, na ziwarudishe kwao salama na upesi. Nchi yetu ilitia sahihi mkataba huo mwaka uleule wa 1967. Kiti Kitakatifu nacho kilitia sahihi. Haya si maneno ya pambo. Maana yake ni kwamba chombo kikianguka kesho katika mashamba yaliyo nje ya mji wetu, mkulima asiye na barabara, asiye na zahanati ya karibu, anatazamiwa na mataifa amhudumie yule aliyeshuka kutoka mbinguni kama mjumbe wake mwenyewe.

Na angefanya hivyo. Watu wetu hawamwachi aliyeanguka. Lakini mjumbe ni nani? Nyinyi mnaosoma ukurasa huu mnajua vizuri kuliko wengi, kwa kuwa utume ndio neno letu la kila siku. Hakuna mtume asiyetumwa. Mjumbe ana aliyemtuma, ana ujumbe aliopewa, na ana siku ya kurudi kutoa hesabu. Ukimwondolea mambo hayo matatu, anabaki msafiri. Si dhambi kuwa msafiri. Lakini msafiri anayevaa vazi la mjumbe anachukua heshima ambayo hakupewa, na anawafanya watu wasahau kuuliza: nani alikutuma, na umetuletea nini?

Najua yatakayosemwa dhidi yangu, nami sitayakwepa.

La kwanza ni kwamba huu ni wivu wa maskini. Watasema: huyo wa Ngezi anaona tajiri anaruka, roho inamwuma. Nakanusha. Sitasema pia lile linalosemwa kila mara, kwamba fedha za roketi zingegawiwa wenye njaa. Ninaijua dunia kiasi cha kutosha kuelewa kwamba roketi isingeruka, fedha hizo zisingefika Bunia. Ubishi wangu si juu ya mfuko wa mtu. Ni juu ya neno ambalo ni la wote.

La pili ni zito zaidi: kwamba watu binafsi wameleta maendeleo ambayo serikali hazikuyaleta. Hili nalikubali. Roketi zinazorudi ardhini na kutumika tena zimepunguza gharama za kurusha satelaiti, na satelaiti si anasa kwetu. Ndizo zinazofikisha mawasiliano mahali ambapo nyaya hazifiki. Nakubali pia kwamba wapo waliolipa na wakafanya kazi. Jared Isaacman, mfanyabiashara, alifadhili safari ya Septemba 2021 iliyochangisha fedha za hospitali ya watoto wenye saratani, na Septemba 2024 alitoka nje ya chombo akajaribu vazi jipya la anga, jambo ambalo hakuna msafiri wa binafsi aliyekuwa amelifanya kabla yake. Huyo alishika jembe. Lakini tazameni vizuri: kila mfano mzuri wanaonitolea unathibitisha hoja yangu. Wanapotaka kumtetea mwanaanga binafsi, hawasemi «alilipa»; wanasema «alifanya kazi hii na hii». Kumbe wao pia wanajua kwamba kulipa hakutoshi.

La tatu hunigusa zaidi. Wataniambia: mwezi Agosti 2022 Sara Sabry, mhandisi kijana wa Misri, alipanda chombo kilekile cha Blue Origin, akawa Mmisri wa kwanza na mwanamke wa kwanza wa Afrika kufika anga za juu. Hakuwa tajiri, shirika moja lilimchagua kati ya waombaji wengi na kumlipia nafasi. Je, mlango huo ungefunguliwa na nani kama si watu binafsi? Namfurahia dada yule, na natamani binti zetu walisikie jina lake. Lakini mlango unaofunguliwa kwa hisani ya mwenye nyumba hufungwa pia kwa hiari ya mwenye nyumba. Hisani si haki. Kama anga ni la wanadamu wote, njia ya kwenda huko isingojee ukarimu wa mtu mmoja.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yako mbali nasi. Wengi hawajui kwamba kampuni ya kwanza ya binafsi duniani iliyojaribu kutengeneza roketi za kupeleka mizigo angani ilifanya majaribio yake hapa, mashariki mwa Kongo. Iliitwa OTRAG, ilianzishwa mwaka 1975 na Mjerumani Lutz Kayser, na mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Kurt Debus, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kituo cha Kennedy ambako Wamarekani walirushia roketi za kwenda mwezini. Serikali ya Mobutu iliipa kampuni hiyo eneo la kilomita za mraba 100,000 hivi kaskazini mwa Shaba, hadi mwaka 2000. Pimeni wenyewe: jimbo lote la Ituri, tangu Ziwa Albert hadi msitu wa Mambasa, ni kilomita za mraba 65,000 na kidogo. Kampuni moja ilipewa nchi iliyozidi jimbo letu zima. Roketi ya kwanza ilirushwa Mei 1977 kutoka uwanda wa juu ulio kando ya bonde la mto Luvua. Ile ya tatu, Juni 1978, ilianguka mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Nchi jirani na mataifa makubwa zikapiga kelele, zikihofia makombora ya vita, na mwaka 1979 kampuni ikafukuzwa, ikahamia Libya.

Watu husimulia kisa hicho kama kichekesho cha enzi ya Mobutu. Mimi nakisoma kama onyo. Mkataba ulikuwa kati ya mwenye kampuni na mwenye dola wa chama kimoja. Mvuvi na mkulima wa Luvua, wanaosema Kiswahili kama sisi, hawakuwa na mahali pa kusema ndiyo wala hapana. Walisemewa. Anga lao liliuzwa juu ya vichwa vyao, na lilipoacha kuuzwa, hawakuulizwa pia. Asiyekuwapo na lake halipo. Hivyo ndivyo neno «binafsi» linavyoweza kutembea likikosa wa kulidai hesabu: kampuni inatembea na mtawala, raia anabaki kuwa sehemu ya mandhari.

Sisemi kwamba kila kilicho cha binafsi ni kibaya. Katika nchi hiihii mhandisi Jean-Patrice Keka, pamoja na kampuni yake, amerusha roketi ndogo zilizoitwa Troposphère kutoka Menkao, nje kidogo ya Kinshasa. Mojawapo, mwaka 2009, ilibeba panya na ikaenda kombo, watu wakacheka. Mimi sikuona cha kuchekwa. Kongo ilikuwa ikijaribu kujua kwa mikono yake yenyewe, na vijana walijifunza hesabu na kemia kwa kitu walichokiona kwa macho. Keka hajaenda popote angani, lakini ukiniuliza ni nani aliye karibu zaidi na maana ya mjumbe, yeye au abiria wa dakika 10, sitasita kujibu.

Na tukumbuke mchango wetu tusiotajwa. Kioo cha kofia ya mwanaanga anayetoka nje ya chombo hupakwa utando mwembamba wa dhahabu, ili jua kali lisiyaharibu macho yake. Sisi ni watu wa dhahabu. Tangu mwanzo wa karne ya 20, kwanza kwa viboko vya wakoloni, kisha kwa jasho la wachimbaji wadogo, dhahabu imetoka Kilo na Mongbwalu ikaenda ulimwenguni. Hakuna awezaye kusema chembe ipi ilifika wapi. Lakini hakuna awezaye kusema pia kwamba safari za anga ni kazi ya wanaoruka peke yao. Zina mikono ya wengi, na baadhi ya mikono hiyo haina hata viatu miguuni. Ndiyo sababu nasema jina la mjumbe wa wanadamu lina wenyewe, na wenyewe ni wengi.

Basi tufanye nini sisi tusio na roketi? Tuna mambo matatu mikononi.

Kwanza, tutumie maneno kwa uaminifu. Aliyetumwa kufanya kazi angani bila kuwa askari, tumwite mwanaanga wa kiraia. Aliyejigharimia au kugharimiwa na kampuni, akafunzwa na kufanya kazi, tumwite mwanaanga binafsi. Aliyelipa, akafunga mkanda na kutazama dirishani, tumwite abiria wa anga. Ni jina zuri, halina tusi ndani yake. Hata abiria wa pikipiki hapa mjini ana heshima yake, ila hakuna anayemwita dereva.

Pili, walimu walio kati yetu wawafundishe watoto kwamba kuna mkataba, na kwamba mkataba huo unasema anga ni la faida ya nchi zote. Mtoto wa Ngezi anayeijua sentensi hiyo hatatazama tena picha za kwenye simu kama sinema ya watu wengine. Ataanza kuuliza maswali ya mwenye mali.

Tatu, tuwadai viongozi wetu hesabu. Mkataba uleule unasema kwamba kila nchi inawajibika kwa shughuli za angani za watu na kampuni zake binafsi. Lazima izipe idhini na kuzisimamia daima. Hakuna mtu aliye binafsi kiasi cha kutokuwa na wa kumjibia. Kampuni yoyote ya anga ikija tena kutafuta ardhi, masafa au saini Kinshasa, wabunge wetu waulize kwa sauti yale ambayo watu wa Luvua hawakupata nafasi ya kuyauliza: mnakwenda kwa niaba ya nani, mnatumia nini kilicho chetu, na mtatujibu wapi mkikosea?

Sisi tunaoitwa raia tumejifunza kwa gharama kubwa kwamba jina hili halimlindi mtu peke yake. Hulindwa na watu wanaokubali kulitetea. Tulitetee basi pia huko juu, lisigeuzwe kuwa nembo ya wenye uwezo wa kulipa. Siku mtu wa Ituri atakapopanda chombo cha anga, awe mwalimu, daktari au mwana wa mchimbaji, na apande akiwa ametumwa, mwenye kazi ya kufanya na watu wa kuwarudishia taarifa. Huyo tutamwita mwanaanga wa kiraia, na hatutahitaji kueleza kwa nini.